Shingo ya Jovina Siku ya Wageni

Jovina binti Clavery hakuwa mtu wa kukaa na jambo moja mpaka lichuje. Nilipopanga chumba Kitangiri, ukuta kwa ukuta na kwao, alikuwa anajifunza kupiga taipu. Akaacha. Akauza mitumba soko la Mlango Mmoja, akaacha. Akaanza kushona sare za shule, na moja aliiacha ina mkono mmoja tu, mwenye mtoto akaja kuidai kwangu.

Ilikuwa enzi za ruksa. Kila mwezi kitu kipya kilikuwa kinaingia Mwanza: mara mabanda ya video, mara vipodozi kutoka Nairobi, mara duka la dawa kila kona. Na chochote kipya, Jovina alitaka awe wa kwanza kukigusa. Alikuwa na miaka ishirini, anacheka kabla hujamaliza kusimulia.

"Huyu nilimzaa na miguu ya watu wawili," mama yake, Kokushubira, alikuwa akiniambia tukichambua mchele. "Kila mguu una safari yake."

Jambo pekee ambalo Jovina hakuliacha lilikuwa Collins Okech, dereva wa pikapu ya kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, Mjaluo wa Shirati, mpole, nguo zake zikinuka samaki hata siku ya Jumapili. Mzee Clavery, baba yake Jovina, mwalimu mstaafu na Mlutheri wa Muleba, aliguna karibu mwaka mzima. Mwishowe akakubali upande wa Collins uje kujitambulisha, Jumapili baada ya ibada.

Ijumaa ya kabla yake, Mama Jovina alinunua maziwa mgando kwa mwanamke aliyekuwa anapita nayo. Mzee hanywi maziwa, kwa hiyo wakayanywa wao wawili, mama na binti. Jumamosi alfajiri nikawasikia wanapokezana kwenda chooni, na kutapika pia.

"Dada Odeta," Jovina aliniita kwa sauti ya kufifia, "kesho nitawapokea wageni na ndoo mkononi?"

Nilikwenda kuwachemshia maji ya chumvi na sukari. Mama akaenda mwenyewe duka la dawa la kona, ambalo mmiliki wake mwaka uliotangulia alikuwa anauza vipuri vya redio palepale. Akarudi na vidonge vya kuzuia kutapika kwenye kipande cha karatasi. Wakameza wote wawili. Kutapika kukakoma, tukamshukuru Mungu. Lakini Jovina, kwa kuiogopa Jumapili, akaongeza kingine jioni, na kingine tena asubuhi.

Wageni walifika saa nane. Aliyewaongoza alikuwa shangazi yake Collins, Adoyo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Collins mwenyewe alikaa nje kwenye pikapu, maana si heshima aingie kabla hajaitwa. Ndani tulikuwa tumepika ndizi na nyama, na sato wa kukaanga. Jovina akatoka chumbani na beseni na birika la kunawisha wageni, amejifunga kitenge kipya, amependeza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe!"

Alipoinamisha birika, nikaona shingo yake inageuka upande wa kushoto, taratibu, kama mtu aliyeitwa na jirani. Nikadhani ameona kitu. Haikurudi. Birika likadondoka. Kichwa kikavutwa nyuma, macho yakapanda juu yakabaki yanaangalia dari, taya likakakamaa na ulimi ukawa unajitokeza wenyewe. Akajaribu kusema, ikatoka sauti tu.

Sebule nzima ikasimama. Mama yake alimdaka, tukamlaza kwenye mkeka. Mtu mmoja akasema ni pepo. Mwingine akasema binti haitaki hii ndoa, anashindwa kusema. Mzee Clavery akaanza kusali kwa Kihaya. Nikawaambia kwamba mama na binti wote wawili walikuwa wagonjwa jana, wakameza dawa, huenda ni dawa.

"Dawa gani?" Shangazi Adoyo akaniuliza. "Mama si amemeza hiyohiyo? Chakula kimoja, dawa moja, mbona yeye ni mzima?"

Hapo ndipo nilipoona mambo yanaharibika, maana shangazi alimgeukia mwenzake akasema, kwa Kiswahili kabisa, "Hii nyumba ina neno. Tutafute mwingine. Yule binti wa Musoma bado yupo."

Collins aliposikia kelele hakungoja tena kuitwa. Aliingia, akamtazama Jovina, akamnyanyua mikononi. "Odeta, nifungulie mlango wa gari."

Tulipanda nyuma mimi, Mama Jovina na shangazi, ambaye hakukubali kubaki, pamoja na mabonge ya barafu ya kupozea samaki yaliyokuwa yanayeyuka. Jovina alikaa mbele, Mzee amemshika kichwa kisigonge kioo.

Hospitalini tulimkuta daktari wa zamu, Daktari Chenge, Msukuma kijana mwenye miwani. Alimtazama Jovina mara moja tu, halafu akauliza, "Amemeza dawa yoyote ya kuzuia kutapika?"

Mama akatoa karatasi kwenye pindo la kanga. Daktari akanusa kidonge kimoja, akasoma maandishi yake, akaagiza sindano. Hakuwa na haraka kabisa, na utulivu wake ndio ulionituliza moyo.

Baada ya muda mfupi tu shingo ikaanza kulegea. Macho yakashuka kutoka darini, yakatuangalia mmoja mmoja. Jovina akameza mate, akajaribu taya, halafu akamgeukia shangazi.

"Shangazi, yule binti wa Musoma anaitwa nani?"

Kumbe muda wote alikuwa anatusikia! Alisikia pepo, alisikia sala, alisikia kila neno. Shangazi Adoyo alifungua mdomo, akaufunga, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Nisamehe, mwanangu. Huyo wa Musoma hata kusonga ugali hajui."

Hapo Mzee Clavery, mwalimu ni mwalimu, akamwomba daktari aeleze.

"Ubongo unapashana habari kwa kemikali," Daktari Chenge alisema. "Mojawapo inaitwa dopamini. Inapokelewa na sehemu ndogo sana zinazoitwa vipokezi, kama tundu la kufuli linavyopokea ufunguo wake. Vipo kwenye sehemu inayoamuru mtu atapike. Dawa hii inaziba yale matundu, kutapika kunakoma. Si dawa mbaya. Ila vipokezi vya aina hiyohiyo viko pia kwenye sehemu inayoongoza misuli. Vikizibwa huko, misuli inajivuta inavyotaka."

"Na mimi?" Mama Jovina akauliza. "Mbona haikunivuta?"

"Kwanza, mwenzio ameniambia alizidisha. Lakini kuna jingine. Mtoto anakuwa na vipokezi hivi vingi. Akikua, ubongo unavipunguza, kama nyie mnavyopunguza machipukizi kwenye shina la mgomba, na uzeeni vinazidi kupungua. Binti yako bado ni kijana, ubongo wake uko kwenye kujengwa. Ndiyo maana dawa hii huwashika zaidi watoto na vijana."

Mzee Clavery akaitikia kwa kichwa. Mambo ya migomba yalimwingia.

"Na hivyo vipokezi," daktari akaendelea, "ndivyo vinavyohusika mtu anapotamani kitu na kukikimbilia. Kijana kuvutwa na kila kipya, navyo vina mkono hapo."

"Basi huyu anavyo gunia zima!" mama akasema.

Daktari akacheka. "Hilo siwezi kulipima, mama. Na malezi nayo yapo, na maisha."

Akampa Jovina vidonge vya kumeza siku chache, hali ile isirudi. Jovina hakusikia mwisho, alishalala kwa nguvu ya sindano, kichwa begani kwa Collins. Mzee aliona, akageuka kutazama dirishani.

Tulirudi Kitangiri tukala ndizi zilizopoa. Mahari ilizungumzwa siku hiyohiyo, na Shangazi Adoyo ndiye aliyelainisha kila palipokwama.

Kilichonishangaza ni kilichofuata. Wiki iliyofuata Jovina alirudi kwa Daktari Chenge, si kwa kuumwa, kwa maswali. Kwa nini mtu mwenye furaha anarukaruka? Kwa nini mlevi hawezi kuacha pombe? Daktari alipochoka akamwambia, "Dada, nenda kasomee uuguzi, utaniulizia huko." Akaenda kweli. Sisi tulimpa miezi mitatu awe ameacha. Alimaliza miaka yote, harusi ikafungwa katikati, na mitihani akaifanya akiwa na mimba ya kwanza.

Akapangiwa Misungwi, kwenye kitengo cha wagonjwa wa akili, ambacho wenzake walikikwepa. Dawa nyingi za kule nazo huziba vipokezi vya dopamini, na ndugu wakimwona mgonjwa shingo imekakamaa walikuwa wakisema ugonjwa umezidi, wanamfungia. Jovina aliwaketisha, akawaeleza, akamwita daktari apunguze dawa. Aliniambia haoni uchovu kule, kwa sababu hakuna siku mbili zinazofanana.

Mwaka wa tisini na tisa nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta Shangazi Adoyo anaishi nao. Mikono ilikuwa inatetemeka, sauti ile ya kuita mitumbwi imeshuka, na miguu ilikuwa inagoma mlangoni kama iliyopigwa misumari. Jovina alinieleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo wa uzeeni, kwamba safari hii vipokezi vipo, ila dopamini yenyewe ndiyo inayokauka, na kwamba dawa yake ni ya kuwinda mpaka Dar es Salaam.

Jioni shangazi alitaka kwenda kukaa uani. Akafika mlangoni, akagoma. Jovina hakumvuta. Alisimama mbele yake akaanza kupiga makofi, maana miguu iliyogoma hufuata mdundo, pigo moja moja, kama anaanzisha wimbo kanisani.

"Nyanyua, shangazi. Na huu. Na huu."

Mguu ukanyanyuka, kisha wa pili. Akavuka kizingiti, akatembea uani kwa mapigo yale, mpaka kwenye kiti.

"Unapiga polepole mno," akalalamika akikaa. "Mimi si bibi kizee."

Jovina akaongeza kasi ya makofi, akicheka, na Collins, aliyekuwa anapara samaki pembeni, akaanza kuitikia kwa kugonga kisu kwenye ubao.