Kitufe cha Kijani

Masika yale nilitengeneza ukurasa wa simu wa kuombea mtumbwi mafuriko yakiingia mashambani. Kwa uvivu wangu nilichukua vitufe vilivyotengenezwa tayari na watu wengine mtandaoni, nikavipachika kwenye mfumo wangu. Nilibonyeza kimoja, kikageuka kijani, nikaridhika. Sikuangalia kama mfumo wenyewe unapokea kitu.

Siku ya tatu ya mvua, skrini yangu hapa Ifakara haikuwa na ombi hata moja. Nikawaambia wenye mitumbwi wapumzike, nikaagiza chai.

Mama mdogo akapiga simu kutoka Mlimba, kwenye dungu lake, jukwaa la miti la kufukuzia ndege wa mpunga. Nikampa shikamoo. Akanikatiza.

“Tangu juzi nabonyeza,” alisema, “na kinageuka kijani. Tumekaa huku juu ya maji tunawasubiri.”