Mlinzi wa Njia Isiyopita Gari

Na itangazwe kwa walio hai wote, na kwa wafu kadiri barua itakavyowafikia: Attoumane mwana wa Boinali, fundi baiskeli wa Nosy Be, mzaliwa wa Mahajanga, mwenye meno kumi na tisa na kofia moja, ameteuliwa kuwa Mlinzi wa njia ya kwanza kisiwani ya kokoto isiyopita gari. Ameteuliwa kwa kauli moja. Kauli ilikuwa moja kwa sababu mkutanoni alisema mtu mmoja tu, naye ni Diwani wa Utalii wa wilaya fulani ya mashambani huko Ufaransa, yenye wakazi mia nne na jina refu lililobeba watakatifu wawili.

Njia yenyewe ilikuwa tuta la zamani la reli ya miwa. Reli ilikwisha kung'olewa na wenye haja nayo, na vipande vyake vingi sasa ni vitanda. Tuta lilitoka kwenye mahoteli ya ufukweni, likapita nyuma ya kijiji, likakatiza bonde la maji hadi kwenye makaburi ya Waislamu na kuendelea mbele. Kwao Ufaransa, Diwani alieleza, reli iliyokufa humwagiwa kokoto laini na kufungiwa malango, na mtu akaendesha baiskeli kutwa nzima bila kusikia honi. Wanakijiji walisikiliza kwa adabu. Kijiji kizima kilikuwa na gari moja, teksi ya Maoulida, ambayo honi yake ilikufa kabla ya reli.

"Basi ni mimi ninayezuiwa," alisema Maoulida. "Wazungu wamevuka bahari mbili kwa ajili yangu peke yangu. Laiti mama angekuwa hai!"

Watu walicheka. Attoumane hakucheka. Yeye barabara isiyopita gari alikwisha kuiona, tena bila Diwani.

Ilikuwa Mahajanga, Desemba 1976. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akiziba mipira ya baiskeli mtaani Tanambao pamoja na baba yake. Asubuhi habari zilifika mtaani zikiwa za ugomvi wa majirani; adhuhuri zilirudi zikiwa na mapanga. Watu waliozoea kuitwa kwa majina yao sasa waliitwa Wakomori, basi. Mzee Boinali akarudi kufunga kibanda, maana ndani mlikuwa na baiskeli za wateja, na baiskeli ya mtu ni amana. Hakurejea. Attoumane na dada yake mkubwa, Rahamatou, walifichwa na mama mmoja Mmalagasi wa Ampisikina, nyuma ya kuni zake. Kupitia upenyo wa mbao waliitazama barabara. Siku ya kwanza haikupita gari. Siku ya pili haikupita gari wala mbwa. Ukimya wa namna ile, kuna watu leo wanaulipia nauli.

Siku ya tatu lilipita lori, likiokota maiti. Baba yao walimtambua kwa mshipi wake, aliojitengenezea kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mtu mmoja alimshika mikono, mwingine miguu, wakampembeza mara mbili, wakamrusha juu ya ubavu wa lori kama gunia. Hakuoshwa, hakusaliwa. Alifukiwa pamoja na wenzake, mahali ambapo wanawe hawakupata kuonyeshwa.

Wakomori wengi walionusurika walipelekwa kwao visiwani kwa ndege na kwa meli. Hawa wawili hawakungoja orodha. Walijificha katika malori ya mizigo mpaka bandari ya Ankify, wakavuka hadi Nosy Be. Wakiwa botini, Rahamatou alisema neno ambalo baadaye alilirudia kila mwaka:

"Attoumane, nikifa nibebe mabegani. Mabegani mwa watu, umesikia? Nisirushwe mimi."

"Nimesikia, dada."

"Na ule vizuri. Kwa mabega hayo utanidondosha."

Akaishi miaka ishirini na mitatu zaidi akiuza mikate ya mchele, akimtazama ndugu yake mabega kama mnunuzi anavyomtazama ng'ombe.

Mwaka 1998 wilaya ya watakatifu wawili ilimwalika Attoumane Ufaransa kwa majuma mawili akajifunze Ulinzi wa Njia. Walimpa baiskeli ya gia ishirini na moja, kofia ngumu nyekundu na chupa ya maji, wakamwacha peke yake kwenye kokoto nyeupe katikati ya mashamba ya mahindi. Kilomita tano, hakuna mtu. Akapita kituo cha zamani cha reli, kimepakwa rangi ya waridi, hakuna mtu. Akafika kijijini. Madirisha yote yamefungwa kwa mbao, mchana kweupe, na hata mbwa hakubweka. Attoumane hakuhitaji kuelezwa. Aliilaza baiskeli mtaroni, akaingia ndani ya mahindi, akalala kifudifudi.

Diwani alimkuta baada ya saa mbili, kwa sababu kofia ilikuwa ikionekana.

"Bwana Attoumane! Umeanguka?"

"Inama," alinong'ona Attoumane. "Watu wamekwenda wapi?"

"Watu gani?"

"Wa kijiji kile."

Diwani akatazama saa yake. "Wanakula," alisema.

Katika ripoti tukio hilo liliandikwa hivi: mshiriki alifurahia mapumziko karibu na mazingira.

Alirudi Nosy Be na karatasi ya vipimo. Kila lango la njia lilitakiwa liwe na vizuizi viwili vya chuma, kimoja mbele ya kingine, ili mpanda baiskeli apite kwa kupinda kulia kisha kushoto. Na pasipite chochote kipana kuliko usukani. Kizuizi kimoja kingefunguka kwa kufuli, kwa dharura. Attoumane alilichomelea lango la makaburini kwa mikono yake mwenyewe, miguu ya lango akaizika ndani ya saruji. Alipima baiskeli. Alipima mkokoteni wa ng'ombe. Alipima teksi ya Maoulida, huku Maoulida akimwambia asimtekenye. Jeneza la msikitini hakulipima, na hakuna aliyemkumbusha. Kijijini pale jeneza halipimwi. Kulipima, wanasema, ni kuliulizia abiria.

Novemba 1999 njia ilifunguliwa. Zilipigwa hotuba nne. Ufunguo wa kufuli, mmoja tu uliokuwepo, Diwani alikabidhiwa juu ya mto wa hariri kama ishara ya urafiki, akaenda nao kwao. Inasemekana ulitiwa kwenye fremu.

Januari mvua zikajaza bonde, na Rahamatou akafa kwa homa ya siku sita.

Walimbeba kama alivyotaka. Wanaume wanane walikuwa chini ya jeneza na arobaini nyuma wakingoja zamu, tahlili ikipanda juu ya mvua. Attoumane alikuwa mbele kulia. Walishika tuta, kwa kuwa bonde pande zote mbili lilikuwa maji ya kiunoni na tope. Wakafika langoni. Wakasimama.

Walijaribu wakiwa wanane, wakajaribu wakiwa wanne, kisha wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mbele jeneza lilipinda kulia vizuri kabisa. Nyuma likakwama. Lango lilifanya kama lilivyofundishwa.

"Ufunguo?" aliuliza Shehe Youssoufa.

"Ufaransa," alijibu Attoumane.

Tahlili ikakatika. Mvua ikaendelea peke yake.

"Basi tumpitishe juu," alisema Maoulida. "Wawili huku, wawili kule, tunampembeza kidogo tu..."

"Hapembezwi," alisema Attoumane.

"Kaka, ni dakika moja."

"Nimesema harushwi mtu!"

Alimpisha Maoulida chini ya mti wa jeneza, akakimbia kibandani, akarudi na misumeno miwili ya chuma ya mkono. Shehe aliuliza kama wangeweza kumweka chini marehemu. Attoumane alitazama tope, akatazama maji yanayopanda, akasema asiwekwe. Wakapokezana jeneza mabegani, wanane kwa wanane, huku yeye akikata.

Hapo alilipwa kwa uhodari wake. Fundi mwingine yeyote wa kisiwa angechomelea kwa kuiba, na lango lingeng'oka kwa teke. Lake alilichomelea kama anayemchomelea Mungu. Msumeno wa kwanza ukavunjika. Wa pili ukawa butu, naye akawa anakata kwa hasira zaidi kuliko kwa meno. Vidole vilitoka damu. Alitukana kwa Kikomori. Alipoishiwa akahamia Kimalagasi. Mwishowe akasaga meno tu. Ilichukua muda wa kutoka adhuhuri hadi alasiri. Mara moja mbebaji mmoja aliteleza, jeneza likainama, na watu wote wakasema "Ah!" kwa pamoja. Halikuanguka.

Kizuizi kilipolala, Attoumane alirudi mahali pake mbele kulia. Walimpitisha Rahamatou mabegani, moja kwa moja, bila kupinda. Akazikwa kabla ya magharibi, na maji kaburini yakichotwa kwa sufuria.

Diwani alifika mwezi wa Aprili kwa ukaguzi, na baiskeli kumi na mbili nyuma yake. Alikuta kizuizi kimoja cha lango hakipo, na mahali pake Maoulida ameegesha teksi kwenye kivuli. Mbele ya wageni akafungua mkataba, akasafisha koo, akasoma kifungu cha nne, kisha cha tisa, ambacho kilisema Mlinzi atakayeharibu mali ya njia ataachishwa kazi na kurudisha kofia. Alisoma kwa huzuni ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ufunguo tu.

"Bwana Attoumane," alisema, "lango hili lilibuniwa na mabingwa. Kwetu yapo mia tatu na hayajawahi kulalamikiwa. Nieleze kwa maneno yako mwenyewe, niyaandike: lilikuwa na kasoro gani?"

Attoumane alivua kofia, akamkabidhi.

"Halikuwa na kasoro," alisema. "Lilizuia."