Hesabu ya Wasafiri Kijijini kwa Mama

Kijiji cha mama yangu kipo mashariki ya Unguja, mbele ya Chwaka. Gari la abiria halifiki. Linaishia njia kuu, na kutoka hapo hadi nyumba za kwanza ni mawe matupu. Mama mdogo ana goti bovu na kila mwezi ana kliniki mjini. Njia hiyo huitembea kwenda na kurudi.

Mwaka huu wenye magari walikubali kushusha gari moja mpaka kijijini, ila kwanza waoneshwe kwamba abiria wapo. Sheha, kiongozi wa kijiji, akanitaka mimi niandike. Shule niliiacha mapema, lakini nimejisomea mengi, na Jang'ombe, kule mjini ninakoishi, watu hunijua kwa kupenda vipimo.

Niliandika idadi ya nyumba na watu, nani ana baskeli, nani ana vespa, na magari ya ng'ombe yanayobeba mwani. Kisha nikakaa njia kuu wiki nzima kuhesabu wanaosafiri. Wiki yenyewe niliichagua kwa makini: isiwe na sikukuu, wala harusi, wala msiba. Abiria walikuja wachache, wengi wao wanaume. Nikaandika nilichokiona.

Karatasi ilisomwa kwenye banda la skuli, na aliyeisoma ni mjumbe wa wenye magari. Alipofika kwenye wasafiri, sauti ikatoka kwenye mkeka wa wanawake.

"Hiyo wiki ulokaa njiani, mwezi ulikuwaje?"

Nikasema sikuangalia mwezi.

"Hakuangalia! Ilikuwa bamvua, bwana we. Sie wote tuko pwani kwenye mwani. Ulitaka tupande gari na matope yetu?"

"Masikini, kapigwa jua bure," akasema mwengine. "Angeteremka pwani angetukuta wote tumeinama, kazi yake ingekuwa nyepesi."

Banda zima likacheka. Mimi nilihisi uso unaniwaka. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali, na wanawake hukimbilia mashamba yao ya mwani kabla hayajarudi. Mjini hawendi. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Nilipokuwa mdogo, siku kama hizo ndizo nilizotumwa pwani kumpelekea mama chai. Nilikagua kalenda yote, nikaisahau bahari.

Mjumbe akaikunja karatasi. "Mie nachukua kilichoandikwa."

"Mtoto wetu kakosea siku, watu hakuwakosea," akasema mama mdogo. "Mwacheni arudie."

"Kurudia haikatazwi, bibi. Lakini gari kuna wenzenu washaliomba, na wao abiria wao wameonekana."

Nilisimama nikasema kosa ni langu, si la kijiji. Sheha akanitazama kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko vicheko. Gari likapewa wale wengine.

Siku ya kliniki iliyofuata nilimsindikiza mama mdogo. Alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache, anajifanya anatazama miti.

"Mama mdogo, nishike."

"Nikushike, watu waseme nshazeeka? We chukua mkoba tu."

"Mie ndo nlokutia tabuni."

"Tabu nilikuwa nayo kabla yako. Usijipe ukubwa."

Tulipotokeza njia kuu nikaona wanawake wamejaa pale wakingoja gari, wamekaa mpaka kwenye majani, na vikapu vyao mbele yao. Maji yalikuwa mafu wiki ile, hayatoki mbali. Pwani hakukuwa na kazi. Yule aliyeniuliza habari za mwezi alikuwepo. Alisogea, akampisha mama mdogo jiweni, kisha akanigeukia.

"Haya, mwandishi. Leo si utuhesabu?"

Hakusema kwa ubaya. Wenzake wakacheka, na mama mdogo, akilisugua goti, akacheka nao. Niliwaamkia wote kwa pamoja, macho yangu yako chini, kwenye miguu yao.