Nyumba ya Askari

Sharti la kwanza lilikuwa miguu. Wakati ule wa Mjerumani, ukitaka kuwa askari polisi katika boma la Morogoro, kabla hawajakuuliza unatoka wapi walikutazama vidole vya miguu. Mwenye funza alirudishwa kwao. Kwa hiyo, siku moja kabla sijashuka bomani, mama aliniketisha mlangoni, akaupakata mguu wangu, akanitoa funza mmoja mmoja kwa mwiba wa mlimau, na kila tundu akalipaka mafuta ya mbarika. Alikuwa akikohoa, na kila kikohozi kilipomjia aliuondoa mwiba asije akanichoma. Mimi mtu mzima mwenye ndevu nilikuwa nimeketi natolewa funza na mama yangu, na sikuona haya.

Kikohozi hicho ndicho kilichonipeleka bomani. Msimu uliotangulia, jumbe wetu, yule aliyewekwa na serikali, alipita vilimani juu ya Bigwa akikusanya watu wa kwenda kupalilia pamba katika shamba la Mzungu mmoja huko bondeni. Mama alichukuliwa pamoja nao. Muda wote wa palizi alilala nje kwenye umande, akarudi na kifua kibovu. Tuliomwona akirudi tulijua kwamba akienda tena ndiyo basi. Na watu walikuwa wakisema, mjini na milimani, kwamba nyumba ya askari haiguswi. Jumbe akifika mlangoni kwa askari anapita tu kama hakuona mlango.

Mjomba wangu, kaka yake mama, akaniita. "Mpwa wangu, utakwenda kuwa polisi," akasema.

Hakuniuliza kama nataka. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba ni mtu mwema aliyekuzaa, unamheshimu, unampelekea kuku, basi. Baba yangu alikuwa akiishi Mlali na mke mwingine tangu nikiwa mdogo, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Nami kazi yenyewe sikuipenda wala sikuichukia. Nilichotaka ni ule mlango unaopitwa.

Bomani tulipangwa uani, juani. Mkubwa wa askari weusi, tuliyemwita shaushi, alikuwa mtu wa mbali, wa huko unakotoka mto Nili, mwenye chale mashavuni na Kiswahili cha kukaripia. Alipita na fimbo ndefu iliyochongwa alama, na ambaye kichwa chake hakikufika kwenye alama alitolewa mstarini. Akatufungua midomo akatazama meno, kama mtu anayenunua punda. Akatuvua nguo akatazama migongo na matako, kwa sababu aliyekwisha kuchapwa na serikali hakufaa kushika kiboko cha serikali. Hapo ndipo walipoishia wengi. Mganga wa Kizungu akatugonga vifua kwa vidole na kutega sikio, nami nikawaza, laiti angemgonga na mama. Tukakimbia hadi mtoni na kurudi, kila mtu na mfuko wa mchanga kichwani, na waliotapika wakaambiwa waende zao. Tukasemeshwa Kiswahili kuona kama tunaelewa amri. Yote hayo nilipita. Shaushi alipoviinamia vidole vyangu akasema, "Safi," nilitamani mama angekuwapo asikie.

Likabaki sharti la mwisho, la mtu wa kukusimamia. Ilibidi apatikane mtu wa kusema kwamba anakujua, na kwamba ukitoroka na bunduki ya watu, akamatwe yeye. Mjomba alikuwa amekaa nje ya lango tangu alfajiri, amevaa kanzu yake ya Idi. Nikamwita.

"Huyu nani yako?" shaushi akaniuliza.

"Mjomba wangu, afande."

"Nimesema baba."

Mjomba akacheka kwa adabu. "Bwana shaushi, baba yake yupo, ila mtoto huyu ni wetu sisi. Mwenye kauli ni mimi."

"Baba yake kafa?"

"Hajafa. Yuko Mlali, mzima wa afya."

"Basi kamlete. Mtu asiye na baba hashiki bunduki hapa."

Mjomba akaenda Mlali mwenyewe, kwa miguu, na ile kanzu yake nzuri. Siku ya pili akarudi na baba. Maskini baba, jambo lote lilimtia aibu, maana alikuwa anatakiwa kusema mahali ambapo kwa ada yetu hakuwa na neno. Mbele ya lango akamgeukia mjomba na kumwomba ruhusa. "Shemeji, niseme?"

"Sema, shemeji. Ni maneno ya wageni tu."

Baba akasimama mbele ya karani, akasema kwamba alinizaa, na kwamba nyumba yangu ni nyumba yake, Mlali. Tulipotoka nje tulikuwa tunacheka sote watatu. Tuliwaona watu wa boma, pamoja na bunduki zao zote, hawajui hata mtu anatoka wapi. "Waache wakuweke Mlali," mjomba akasema. "Sisi tunajua uliko." Akampa baba ugoro, wakaagana vizuri.

Nikapewa kaki, kofia, viatu, na baadaye bunduki. Tukafundishwa kwata mpaka nyayo zikachubuka. Na kila asubuhi kabla ya kwata sisi wapya tulitamkishwa: jina, baba, nyumba. Shaushi akikufikia unabana visigino na kujibu papo hapo. Ukisita, unaanza upya na wenzako wote pamoja nawe. "Nyumba yako?" "Mlali, afande!" Mwanzoni nilikuwa nikisema Mlali huku nikiuona mlango wa mama kule Bigwa. Baadaye nikawa nasema na sioni kitu. Ganzi yangu ilianzia mdomoni, kisha ikashuka.

Palizi ikafika. Jumbe wetu akaleta watu wake bomani, na zamu ya kuwasindikiza hadi shambani ilikuwa yangu. Mama alikuwa katikati yao, jembe begani, kifurushi mkononi. Aliponiona aliinamisha kichwa kama walivyoinamisha wengine mbele ya askari. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisitiri mimi au anajisitiri mwenyewe.

Nikamwendea shaushi. "Afande, yule ni mama yangu. Tuliambiwa nyumba ya askari haiguswi."

"Haiguswi," akakubali. "Nyumba yako iko wapi?"

Nikabana visigino. "Mlali, afande."

"Kuna mtu kachukuliwa kwenu Mlali?"

"Hapana, afande."

Ilikuwa kweli. Jumbe wa kule alikuwa ameambiwa, na mke wa baba yangu alikuwa anapalilia bamia zake mwenyewe bila wasiwasi. Shaushi hakunikasirikia. Angenikasirikia, labda nami ningepata hasira. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayenitakia heri, "Basi nyumba yako imepona. Chukua bunduki." Nikachukua.

Askari alitembea nyuma, wao mbele. Mama alijikokota, akawaacha wenzake wampite mmoja baada ya mwingine, mpaka akawa wa mwisho na mimi niko nyuma ya mgongo wake. Akanipa kile kifurushi bila kugeuka. Ulikuwa mhogo wa kuchoma.

"Kula, mwanangu. Umekonda."

"Mama, nitazungumza na mjomba."

"Kula kwanza."

Nikala huku natembea, bunduki begani, namsikiliza anavyokohoa. Mhogo ulikuwa mtamu. Nakumbuka utamu wake, na katika njia ile yote sikumbuki kitu kingine.

Mjomba alihangaika. Alimfuata baba, na baba, ambaye hakupenda makuu maisha yake yote, alikuja bomani kulirudisha neno lake. Alisema kwamba mtoto si wake, ni wa kwa mama yake, na nyumba ya kuachwa ni ile ya Bigwa. Akajibiwa kwamba mzee akimkana mwanawe mbele ya serikali anachapwa. Nilikuwa nimesimama langoni wakati akitoka. Nilimwambia shikamoo baba, akaitika marahaba, akashika njia ya Mlali.

Mama hakumaliza palizi. Waliompandisha kwa machela walikuwa wenzake wa shambani, nami nikapewa ruhusa ya kuzika. Nilikwenda na kaki yangu kwa kuwa sikuwa na nguo nyingine. Nilishuka kaburini, nikampokea, nikafanya kila nililoambiwa. Watu walisema nimejikaza kiume. Sikuwa nimejikaza, hapakuwa na cha kukaza.

Kwetu msiba hauendi bila watani, watu wa ukoo mwingine wenye haki ya kutukejeli hata kaburi likiwa bichi, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Tulipokuwa tumekaa mkekani uani kwa mama, mtani wetu mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sauti nene, akaninyakua kofia na kuivaa yeye. Akachukua mpini wa jembe.

"Simama mstarini!"

Nikasimama. Akanipima kimo kwa mpini. Akanifungua mdomo akanusa, akaziba pua, watu wakaangua kicheko. Akainama kwenye miguu yangu, nami viatu nimevivua kwa ajili ya mkeka.

"Hana funza! Jamani, nani kamtoa funza huyu?"

Wakacheka zaidi. Nami nilicheka, maana ndiyo ada.

"Na nyumba ya askari?" akawauliza watu.

"Haiguswi!" wakaitikia, wameshika mbavu. Mjomba pia alicheka, huku machozi yanamchuruzika.

Mtani akatunisha kifua, akakaripia vilevile kama shaushi. "Nyumba yako iko wapi?"

Alitaka niseme kwamba ni hapa, kwa mama, ili apate la kunikejelia, kisha tutulie, wali uletwe. Lakini visigino vyangu vilikuwa vimekwisha kubanana.

"Mlali, afande!"

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimesimama wima mbele ya mlango wa mama yangu, pale pale aliponiketisha na mwiba wake, na watu wote wa ukoo wangu wananitazama. Hapo ndipo nilipoumia, na niliumia vibaya. Mtani akauweka mpini chini. Kisha akaivua ile kofia, akaipangusa, akanivisha kwa mikono miwili.