Nilifunga tab 41 ili browser iwe nyepesi, nikatiwa adabu Vitengeni

Salamu wakuu, wa mbali na wa karibu. Haya yamenipata mwenyewe, sijatia chumvi.

Dada yangu Riziki ana cyber Vitengeni. Juzi alishuka Malindi kununua wino wa printa, akaniachia duka. Mimi nikikuta kompyuta inajikokota, mikono huniwasha.

Nikaichokonoa.

Extension saba zisizo na kazi, nikang'oa. Notification za tovuti za ajabu ajabu, nikazima. Kisha nikahesabu tab: arobaini na moja! Nikacheka peke yangu. Nikafunga zote, nikafuta cache, na kwa kiherehere changu nikafuta cookies pia.

Browser ikawa inafunguka papo hapo. Nikajiona fundi.

Riziki aliporudi alitazama skrini.

"Tab zangu ziko wapi?"

"Nimezifunga, zilikuwa zinakula RAM."

"Ndugu yangu, kila moja hapo ni mtu!"

Kumbe huku mtu akianza fomu akakosa karatasi, huachiwa tab wazi aende akaitafute. Mmoja wao, Mama Kadzo, alikuwa ameenda kwa chifu kugongewa muhuri barua ya basari ya karo ya bintiye. Mwisho wa kutuma fomu: saa kumi na moja, siku hiyo hiyo. Ilikuwa imeshafika saa kumi na robo.

Nikabonyeza Ctrl+Shift+T mara kadhaa. Tab zikarudi (hii ishikeni wakuu), lakini fomu tupu.

Mama Kadzo akaingia na barua yake, vumbi hadi magotini. Nikampa shikamoo, nikamweleza ukweli. Nilitarajia matusi.

Akavuta kiti. "Marahaba. Haya mwanangu, andika."

Hajui kusoma, wakuu. Lakini namba ya kitambulisho, ya cheti cha kuzaliwa, ya akaunti ya shule, zote alizitaja kwa kichwa. Ameulizwa na ofisi nyingi mno. Nilikagua kwa karatasi zake, hakukosea hata tarakimu moja.

Tulituma zikiwa zimebaki dakika nane. Niliona aibu kuliko furaha.

Siku hizi kila tab iko kwenye tab group yenye jina la mwenyewe, na zisizotumika zinalazwa na memory saver. Funzo: kabla hujafunga, uliza ni ya nani.

Wenye ujuzi, kuna njia ya kuhifadhi fomu iliyojazwa nusu hata browser ikifungwa? Nauliza nikiwa bado Vitengeni, siku ya tatu, nikijaza upya za wale arobaini.