Sapu Mbili za Haruna

Mzee Abilahi wa Kiswere hakusoma zaidi ya madrasa. Mwanawe Haruna alipochaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea uhandisi wa kompyuta, mzee aliacha kupulizia mikorosho yake ili amsimulie kila mpita njia. Haruna mwenyewe aligusa kompyuta kwa mara ya kwanza siku ya kwanza ya masomo, na wenzake walikuwa wameanza kuzichezea utotoni. Hakujua pa kuomba msaada. Nyumbani walimwambia tu aswali na asome kwa bidii.

Matokeo ya muhula yalipotoka, akapiga simu.

"Shikamoo baba. Nimepata sapu mbili."

"Marahaba. Mbili? Alhamdulillahi. Kunywa mwanangu, akili inataka supu."

Sapu, kwa wanachuo, ni mtihani wa kurudia baada ya kufeli. Haruna angeanzaje kumkatisha mzee aliyefurahi namna ile?

Jioni Abilahi akaipeleka habari barazani, kwamba kijana wake anapewa supu bakuli mbili. Mwalimu Musa alikuwepo. Huyu alipita chuo, tena sapu zake mwenyewe alizipata, na alielewa palepale. Angesema tu: mpigie kijana, atafute wa mwaka wa tatu wamfundishe, mtihani bado. Badala yake akauliza kama supu ni ya mbuzi au ya ng'ombe, kisha akawanong'oneza wenzake. Wakacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo Abilahi akawa Mzee Supu, na maskini akawa anaitika kwa fahari. Elimu ya namna ile bora mtu angebaki nayo hukohuko chuoni.

Haruna akairudia mitihani peke yake, akafeli tena.

"Baba, nimedisko."

Ndivyo wanavyosema wanapofukuzwa kwa kufeli. Abilahi alisikia muziki na pombe.

"Nimekutoa hapa ukacheze disko?"

"Baba, nisikilize kwanza."

"Kwangu usirudi. Tafuta baba mwingine."

Haruna alikuwa mtoto mtiifu. Hakurudi, na simu yake ikawa haipatikani.

Mfungo ukapita, na Idi pia. Siku moja mzee alilalamika barazani kwamba mwanawe kapotelea kwenye madisko, na hapo ndipo Musa akamweleza maneno yote mawili, huku anatafuna kashata na wenzake wanajizuia kucheka. Abilahi alitoa simu, akapiga palepale, na safari hii ikaita. Akapokea mwanamke.

"Haruna yupo?"

"Hapana, mzee. Laini hii ni yangu, nimeisajili juzi."

Abilahi hakuelewa namba ya mtu inahamaje kwa mwingine.

"Basi mama, akirudi mwambie aje nyumbani. Mwambie baba yake alikuwa hajui maneno yao."

Yule mwanamke akasema sawa, akakata simu.