Dadu Mbili za Kumshawishi Mlinzi

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukijibanza katika chumba cha nyuma cha duka la shangazi yangu, mjini Runyenjes, kucheza mchezo wa kujifanya. Mimi nilikuwa msimulizi: niliwaambia wenzangu wamefika mji gani na nani amewazuia, nao wakasema watafanya nini. Vifaa vyetu vilikuwa dadu mbili za ludo. Ukitaka kumshawishi mtu, tuseme mlinzi wa lango, unambembeleza kwanza, kisha unarusha. Saba kwenda juu, amekubali. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini kwetu ilibidi na dadu zikubali.

Rafiki yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na kigugumizi. Akianza kumbembeleza mlinzi, sisi tunaangalia dari. Basi tukamtungia sheria yake peke yake: arushe tu, asiseme.

"Wewe rusha, hiyo story tutakujazia," tulimwambia, tukajiona watu wema ajabu.

Halafu akapata mchumba kutoka mji wa Maua, huko Meru. Siku ya kuposa nilimsindikiza, na kwa kuwa wao ni Wameru na sisi Waembu, mazungumzo yakawa ya Kiswahili. Mzee tuliyekuja naye atusemee alipomaliza, baba wa msichana akaweka kikombe chini.

"Huyu mzee ameongea vizuri. Lakini mimi nataka kusikia kijana mwenyewe."

Rafiki yangu akasimama, akakwama kwenye neno la kwanza. Nikafungua mdomo nimsaidie, kama kawaida yetu, lakini baba wa msichana akaninyamazisha kwa kuinua kiganja.

"Kijana, chai iko, na hatuendi mahali. Ongea pole pole."

Akaongea. Alichukua muda mrefu, na hakuna aliyeangalia dari. Alisema anampenda binti yao kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kummalizia sentensi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Siku hizi kundi limetawanyika, kila mtu na watoto wake na shamba lake, nami Jumapili nalala tu. Natamani sana zile alasiri zirudi, hasa ile ya mwisho kabla ya harusi yake. Katika mchezo alifika kwenye lango jingine, nami nikamsukumia dadu. Akazirudisha katikati ya meza.

"Le-leo naongea kwanza."

Mlinzi nilikuwa mimi. Nikangoja.